Peni Isiyo na Tundu

Methuselah Okwara alikuwa na kasoro moja tu, na wenzake waliobeba watu kwa baiskeli pale mpakani Busia walikubaliana kwamba hiyo moja ilimtosha. Hakuweza kuiona sarafu akanyamaza. Mtu mwingine akipewa nauli huitia mfukoni akashukuru Mungu. Okwara aliigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akaigonga kwenye jiwe asikie inavyolia, kisha akaanza kumweleza abiria habari za pesa yake mwenyewe, hata kama abiria alikuwa anawahi matanga.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha barabara ambacho hakikuwa cha huku wala cha kule, na mtu mwenye gunia la muhogo hakupenda kukitembea juani. Vijana wakafunga mito nyuma ya baiskeli zao, wakawa wanapita huku na huko wakiita, "Boda, boda." Okwara alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo. Alikuwa Mluhya wa Bukhayo, mrefu, mwenye miguu ya kuendesha baiskeli na mdomo wa kuendesha kesi, na mto wake ulikuwa laini kuliko ya wenzake wote kwa sababu mama yake aliujaza sufi.

Wazimu wa sarafu ulimwingia jioni moja ya manyunyu, hata hajamaliza mwaka kazini. Abiria alimlipa peni, yaani senti kumi ya shaba, ile kubwa iliyokuwa na tundu katikati. Okwara alikuwa na mazoea ya kuzitunga peni zake kwenye waya aliouzungusha kwenye usukani. Ile ya jioni hiyo ilikataa kuingia. Akaisukuma, akaigeuza, akaisukuma tena, akadhani ni giza linalomchezea. Alipoisogeza kwenye taa ya forodha aliona kwamba haikuwa na tundu kabisa. Pembe za ndovu zinazochorwa kwenye kila peni zilikuwa mahali pake, lakini katikati, palipotakiwa kuwa na hewa, palikuwa na shaba tupu.

Wenzake walimcheka, wakamwambia amepewa pesa mbovu. Yeye akaifunga kwenye kitambaa. Miezi kadhaa baadaye Mzungu mmoja aliyekuwa akisubiri karatasi za gari lake aliiona, akataka kuinunua papo hapo. Okwara alikataa kuiuza, ila alimng'ang'ania yule Mzungu mpaka akamfundisha. Somo lenyewe lilikuwa jepesi. Huko Ulaya zinakotengenezwa pesa, kipande cha shaba hutobolewa kwanza, ndipo kikapigwa chapa. Mashine ikiruka kipande kimoja bila kukitoboa, chapa hupigwa juu ya shaba nzima, na sarafu huzaliwa hivyo. Hilo ni kosa la kiwandani, na wako watu duniani wanaolipenda kosa hilo kuliko pesa iliyo sawa. Lakini sarafu ikitoka kiwandani salama, halafu ikakutana na nyundo, moto au mtoto mtundu, huo ni uharibifu tu na haumtajirishi mtu. Ni tofauti ya alama ya kuzaliwa na kovu. Okwara alilielewa somo mara moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika.

Wa kwanza kuumia alikuwa rafiki yake Akol, Mteso aliyefanya kazi ya reli kule Malaba. Akol alimletea peni pana, nyembamba, pembe zake zimevutika hadi ukingoni.

"Hapa mashine ya Ulaya ilikosea sana," Akol akasema. "Angalia vile imekuwa kubwa."

"Hii imekanyagwa na treni."

"Treni gani?"

"Wewe ndio unajua ni gani. Wewe ndio uliiweka kwa reli."

Akol alikaa wiki nzima bila kumsemesha, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Akafuata Bashir mwenye duka la nguo, aliyekuwa na shilingi yenye simba pande zote mbili na akaiweka kwenye kioo cha mbele ili wateja waishangae. Okwara aliomba kuishika, akaiangusha kwenye saruji, ikalia kama kifuniko cha sufuria. Akawaonyesha wateja mstari mwembamba ukingoni, mahali ambapo shilingi mbili zilisagwa nusu nusu zikaunganishwa. Bashir alitoka nje, akaiondoa baiskeli ya Okwara kwenye baraza yake, akailaza barabarani.

Kanisani ndiko kulikokuwa na aibu yenyewe. Kwenye sadaka ilipatikana senti yenye alama ya msalaba, kina mama wakaanza kuimba, wengine wakapiga magoti. Okwara alisimama katikati ya wimbo akasema hiyo ni kazi ya patasi. "Kama ingekuwa ni kosa ya kiwanda, hiyo msalaba ingeinuka juu," akawaeleza waumini. "Hii imezama ndani, na shaba imesukumwa kando." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililowaudhi. Aliondolewa kwenye kwaya siku hiyo hiyo. Kuna watu wanaosema kweli kwa sababu wanaipenda, na kuna ambao kweli huwawasha tu mpaka waikune mbele za watu, na Okwara alikuwa wa kundi hilo la pili.

Katika hali hiyo akampenda Leonida. Msichana huyo alitoka upande wa Nambale, alikuja mpakani kununua samaki wakavu, akapanda baiskeli ya Okwara na kumlipa peni. Okwara akaanza kumweleza habari za peni. Leonida alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kisha akasema, "Wewe unaongea na pesa vizuri. Na watu je?" Okwara aliporudi nyumbani alikuwa bado analitafuta jibu, na baada ya wiki mbili alikuwa anapeleka baiskeli hadi Nambale siku za soko bila abiria yeyote nyuma.

Mambo yalipokomaa, ikabidi aende kujulishwa kwa wazazi. Leonida alimngoja njiani kabla hajafika bomani.

"Papa atakuonyesha pesa yake," akamwambia. "Anaonyesha kila mgeni. Wewe utasema ni nzuri."

"Kama ni nzuri."

"Methuselah."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Mama hajalala tangu aambiwe wewe ni nani. Sijui ni kwa nini. Lakini ukimwudhi mtu kwa hiyo nyumba kwa sababu ya peni, usinifuate tena. Mimi siwezi kuolewa na mtu anafukuzwa kila mahali kama mbwa ya soko."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na Okwara akaona kwamba macho yake yalikuwa yamelowa. Hapo akaogopa kweli. Alijiapia kwamba leo mdomo wake utatumika kwa chai peke yake.

Baba yake Leonida, Mzee Aluka, alikuwa askari wa zamani aliyepigana vita vya Burma, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Alimkaribisha Okwara sebuleni, akamkalisha karibu na dirisha. Mama yake Leonida, aliyeitwa Selpha, hakuonekana, wala haikutarajiwa aonekane. Kwa Waluhya wa sehemu zile kijana hashikani mkono na mama mkwe, haketi naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Chai ililetwa na Leonida, lakini kila mtu alijua imepikwa na nani, na mpishi mwenyewe alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya udongo iliyotazamana na lile dirisha.

"Wewe ndio ule kijana ya pesa?" Mzee akauliza.

"Ndio, Papa."

"Nasikia unajua yenye ilikosewa huko kwa wazungu, na yenye imeharibiwa na watu."

"Najua kidogo."

Leonida alimtazama kwa mshangao, maana neno kidogo hakuwahi kulisikia kutoka kwake.

"Sasa serikali imetoa pesa mpya," Mzee akaendelea. "Wanasema hizi za zamani zitakusanywa. Mimi niko na moja. Kama ni ya maana, nitakaa nayo. Kama si ya maana, iende na zingine. Nilipewa kwa mshahara ya mwisho nikitoka vitani, mwaka wa arobaini na tano. Wewe angalia, uniambie ukweli. Sipendi mtu wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akafungua kopo la ugoro, akatoa peni isiyo na tundu, akaipangusa kwenye suruali, akaiweka kwenye kiganja cha Okwara.

Okwara hakuhitaji hata kuisogeza kwenye mwanga. Katikati, palipokuwa na tundu, palizungukwa na mstari mwembamba wa duara, na shaba ya ndani ilikuwa nyekundu kidogo kuliko ya nje. Ilizibwa. Alipitisha kidole akasikia ukingo wa kiraka. Lakini hilo lilikuwa dogo. Aliposoma maandishi aliona jina la Malkia, na chini yake mwaka wa hamsini na sita. Mzee Aluka alikuwa ametoka vitani na pesa ambayo ingetengenezwa miaka kumi na mmoja baadaye.

Mwasho ukampanda Okwara kutoka tumboni. Akauona ukweli ukiwa mzima, mtamu, una ushahidi wa aina mbili. Akafungua mdomo.

"Papa," akaanza.

"Wewe kuku," ikasema sauti ya mwanamke nje ya dirisha.

Okwara akafunga mdomo. Sauti ilitoka mlangoni pa jikoni, na ilikuwa kubwa mno kwa mazungumzo na kuku.

"Wewe kuku uko na bahati," Mama Selpha akasema. "Wewe huwezi kupewa kitu ya mzee uiweke. Kuna mtu alipewa, akafunga kwa leso pamoja na nauli. Akaenda Busia kuuza ndizi, mvua ikamnyeshea, akalipa kijana wa baiskeli bila kuangalia. Kijana akaenda. Hata chenji hakurudisha."

Jioni ya manyunyu ilimrudia Okwara yote, pamoja na mama mnene mwenye leso kichwani, aliyesimama akinyoosha mkono apewe chenji, na yeye Okwara akikanyaga pedali kwa sababu abiria mwingine alikuwa anaita.

"Sasa huyo mtu angefanya nini, wewe kuku? Alilia. Akatafuta fundi. Pesa ikazibwa, mzee akafurahi, nyumba ikakaa na amani. Halafu anatokea jogoo kutoka Busia, iko na mdomo mrefu, inataka kuoa hapa. Hiyo jogoo ikumbuke kwamba mwenye kupika kwa hii boma ni mimi."

Kuku alilia kidogo. Leonida alikuwa amesimama na birika. Yeye pia ndiyo kwanza alikuwa anasikia.

"Mama yako anaongea na nani?" Mzee akauliza.

"Na kuku, Papa."

"Aa. Siku hizi maskio yangu haishiki mbali." Akamgeukia Okwara. "Ulikuwa unasema."

Okwara alikiweka kikombe chini. Akisema kweli, mama wa watu angeaibika mbele ya mumewe na Leonida asingemtazama tena. Akisema uongo, angekuwa amemdanganya mzee aliyemwomba ukweli kwa mdomo wake. Tena ukweli wenyewe ulikuwa na mwizi wa chenji ndani yake, na mwizi huyo alikuwa ameketi hapa anakunywa chai.

"Nilikuwa nasema hii pesa inataka mwangaza ya asubuhi," akasema. "Na kifaa. Ukinipatia ruhusa niende nayo, nitarudi Jumapili."

Mzee akafunga kopo la ugoro.

"Nenda nayo," akasema. "Jumapili uniambie ukweli. Mwenye atanidanganya hatakula kwa hii nyumba."

Kesho yake Okwara alikwenda kwa Kassim, fundi wa taa na sufuria aliyekuwa na kibanda nyuma ya msikiti wa Busia. Alipomwekea ile peni kwenye meza, Kassim aliitambua kabla hajavaa miwani.

"Kazi yangu," akasema kwa fahari. "Yule mama alikuja hapa analia. Anataka peni izibwe. Nikamwambia, mama, watu huziba sufuria, hawazibi pesa. Akasema yeye anataka hii. Aliuza kuku tatu akanilipa. Nilikata shaba kutoka kwa birika, nikaipiga mpaka ikashika."

"Mstari inaonekana," Okwara akasema. Hakuweza kujizuia.

"Inaonekana wapi?"

"Hapa. Na rangi ya katikati ni ya birika."

"Wewe kijana," Kassim akasema, akiirudisha meza yake ndani, "nilikuwa nimesikia habari zako, nikasema watu wanazidisha."

Wiki hiyo Okwara alibeba watu bila kusema chochote, mpaka wenzake wakadhani ana malaria. Wakati wa kungoja abiria alikuwa anazitoa zile peni mbili na kuziweka kwenye mto wa baiskeli. Moja ilikuwa ya kweli na nyingine ya kubuni, na hata mtoto angeona. Ile yake ilikuwa na jina la Mfalme na mwaka wa arobaini na mbili, na katikati yake shaba ilikuwa moja, laini, bila mstari. Hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane. Bila hiyo angekuwa kijana wa baiskeli kama wale wengine, anaitwa kwa mluzi. Sasa alijua kwamba jina lake lote lilitokana na mama aliyelowa mvua, na kwamba mama huyo aliuza kuku wake kwa sababu yake. Aliona haya, na haya za Okwara zilikuwa kitu kipya, hakujua aziweke wapi.

Siku ya Ijumaa akaamua. Angemrudishia mzee peni ya Mfalme na kuificha ile ya Malkia. Kisha angeweza kusema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba hili ni kosa la kiwandani, na lingekuwa kweli tupu. Mzee angebaki na hazina yake, Mama Selpha angebaki na heshima yake, na yeye angempata Leonida bila kusema uongo hata chembe. Ilimuuma kuiacha, lakini alijiona mjanja kuliko majaji wote wa Kisumu. Hakufikiria kabisa kwamba mzee naye ana macho na vidole.

Jumapili Mzee Aluka hakumkalisha sebuleni. "Twende tuone ng'ombe," akasema, wakaenda hadi nyuma ya zizi, mbali na jikoni. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja, na hawakumwangalia.

"Enhe?"

"Papa, hii ni kosa ya kiwanda," Okwara akasema, akampa ile peni ya Mfalme. "Ya ukweli. Ilizaliwa hivyo. Naweza kuapa kwa Biblia."

Mzee aliipokea. Alipitisha kidole gumba katikati, mara moja, na kidole kikasimama. Akapitisha tena. Kisha akaisogeza karibu na macho akasoma, na midomo yake ikatikisika.

"Arobaini na mbili," akasema polepole. "Hii ni pesa yangu."

"Ndio, Papa."

"Hapana, sikiliza. Hii ni pesa yangu yenyewe. Ya jeshi." Akainua uso kutoka kwenye peni. "Kwa hivyo kijana ya baiskeli ni wewe."

Okwara akashika mti wa zizi. "Papa alisikia yale maneno ya kuku?"

"Maskio yangu ni mazima. Mtu akikaa kwa nyumba na mwanamke miaka mingi, kuna siku anahitaji kutosikia." Akavuta ugoro, akapiga chafya, akapangusa pua. "Na ile nyingine iko wapi?"

"Iko kwa mfuko."

"Nipe."

Okwara akampa. Mzee aliziweka mbili kwenye kiganja, moja kando ya nyingine, na akaanza kucheka bila sauti, mabega yakimcheza.

"Mimi niliwaambia wageni wangapi kwamba nilitoka Burma na hii? Na imeandikwa Malkia. Malkia, mtoto wangu. Mwenyewe wakati huo hata kiti alikuwa hajakalia. Mwalimu wa shule alikuja hapa akasoma, akaniangalia, akakunywa chai yake akaenda. Nilijua siku ile ile mama Leonida aliiweka kwa kopo. Kidole iliniambia. Alikuwa amerudi kutoka Busia na homa, hali chakula, haongei, nikafikiri amefiwa. Siku moja akaanza kuimba tena jikoni. Nikaangalia kopo, nikaona hii. Nikasema, basi, kama ni hii imemrudishia sauti, hii ndio pesa yangu."

"Lakini Papa, uliniuliza nikuambie ukweli."

"Nilisikia uko na mdomo. Nilitaka kuona utafanya nini na mama wa mtu. Nilikuwa nimefungua mlango tayari, nikufukuze." Akaigeuza ile ya Mfalme mara ya mwisho, akaitazama kwa mapenzi, akairudisha mkononi mwa Okwara na kumfunga vidole. "Hii, mashine ilisahau. Haikuwa inanifikiria mimi. Ile ingine iliuziwa kuku tatu. Nikikaa na hii yako, siku moja ataisafisha, atagusa katikati, atajua kwamba nimejua. Atalia tena. Sitaki."

Okwara alisimama pale na hazina yake mkononi, na kwa mara ya kwanza aliiona nyepesi. Alitaka kusema kitu kuhusu mstari, kuhusu rangi ya birika, kuhusu jinsi kiraka kingeweza kung'oka kikikaa kwenye jasho. Yote yalikuwa kweli. Akakohoa tu.

"Mwezi ujao ulete wazee wenu," Mzee akasema, akiirudisha peni ya Malkia kwenye kopo la ugoro. "Na mama Leonida asijue chochote. Yeye anafurahi kwamba alinidanganya. Ni kitu kidogo, lakini ni yake."

Okwara aliichukua baiskeli yake akaikokota. Njia ya kutokea ilipita kando ya jikoni, na alipofika usawa wa ukuta aligeuza uso upande mwingine, kama heshima inavyotaka. Ndani, mwiko uliacha kukoroga.

"Wewe sufuria," ikasema sauti, safari hii ndogo, karibu na kutetemeka. "Mzee amesemaje?"

Okwara alisimama. Mtu aliyemwaibisha Bashir mbele ya wateja, aliyenyamazisha kwaya nzima kwa sababu ya patasi, aliitazama migomba ya jirani na kuiambia kwa sauti iliyosikika:

"Mzee amefurahi. Nimemwambia ni kosa ya kiwanda. Hawezi kujua kitu."

Mwiko ukarudi kazini. Okwara alikuwa bado anafungua lango wimbo ulipoanza jikoni, kwanza chini chini, halafu kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi na yeyote. Nyuma ya zizi Mzee Aluka alikuwa ameinama, anamkuna ng'ombe shingoni, na hakuinuka mpaka wimbo ulipokwisha.